Gary Kildall na Mzigo wa Uchagani

Katika toleo hili nawasimulia maisha ya marehemu Gary Kildall. Wengi wakimtaja, humtaja kwa bahati aliyoikosa. Mimi namkumbuka kwa alichotuachia.

Hapa Marereni kuna fundi wa redio mwenye kompyuta kuukuu, iliyotengenezwa kabla sisi hatujazaliwa. Humo mna hesabu zake za miaka mingi. Diski ilipojaa, aliiwekea programu ya kubana mafaili. Nafasi ilipatikana, lakini toka siku hiyo programu ya hesabu ikagoma, eti kumbukumbu haitoshi. Likizo ya Agosti nilimkuta yuataka kuitupa. Nikamwomba anipe siku mbili, nikaanza kusoma, na ndipo nikakutana na Kildall.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, Marekani. Jamaa zake walikuwa na chuo cha mabaharia, naye alifundisha hapo ujanani. Baadaye alifundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California, na mwaka 1972 akapata shahada ya udaktari ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 1974 aliandika CP/M, programu ya kuongoza kompyuta ndogo na diski zake. Yeye na mkewe Dorothy wakaanzisha kampuni ya Digital Research.

Mwaka 1980 IBM walimjia wakitafuta programu ya kompyuta yao mpya. Mazungumzo yakakwama, wakaenda kwa Microsoft, na utajiri ukaenda huko huko. Ikavuma kwamba Kildall aliwapuuza wageni akaenda kurusha ndege yake. Kumbe safari ile ilikuwa ya kikazi, na utata ulianzia kwenye mkataba wa siri ambao mkewe hakuutia sahihi.

Basi, je, alikaa akalia? La! Mwaka 1988 kampuni yake ilitoa DR DOS. Kompyuta za wakati huo ziliipa DOS na programu zake kilobaiti 640 tu. Kutoka hapo hadi 1024 palikuwa na nafasi ya juu, ambayo sehemu yake ilikaa bure. Ni kama nyumba ya Kigiriama: sakafu imejaa watu na magunia, na uchaga juu ni mtupu. DR DOS 5 ya mwaka 1990 ikawawezesha watu kupandisha mizigo huko juu. Toleo la 6, mwaka 1991, likaleta na programu ya kubana diski. Microsoft waliyafuata mambo hayo mawili mwaka 1991 na 1993.

Programu ya kubana ina draiva yake, ambayo lazima ikae katika kumbukumbu muda wote, manake kila faili hufunguliwa nayo. Hiyo ndiyo iliyojaza sakafu ya fundi wetu. Mashine yake ilikuwa na DR DOS 6. Nilifungua faili la CONFIG.SYS, na kwenye mstari wa draiva ile nikageuza neno DEVICE kuwa HIDEVICE. Tulipoiwasha upya, hesabu zikafunguka zote. Fundi alinipa soda mbili!

Kildall aliaga dunia tarehe 11 Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 52. Wenzangu, tusimpime mtu kwa mlango uliofungwa mbele yake. Tutazame alichokijenga baadaye. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.