Askofu Edward Steere na Watu Waliokosa Kwao

Jina la Askofu Edward Steere hutajwa mara nyingi pamoja na Biblia ya Kiswahili na kanisa kuu la Mkunazini, Unguja. Lakini iko kazi yake nyingine ambayo yatuhusu sana sisi watu wa Dimani, nayo ni kuwakusanya watu walionyang'anywa jamaa zao na kuwafanya jamaa moja. Basi tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa ufupi.

Steere alizaliwa Uingereza mwaka 1828. Alisomea sheria hata akapata shahada ya udaktari, lakini akaiacha kazi hiyo akawa kasisi. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, Steere alifuatana naye, na mwezi wa Agosti 1864 wakafika Unguja. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi na Steere mwenyewe mwaka 1879.

Steere alijua kwamba mwalimu asiyesikia lugha ya wanafunzi wake hafundishi kitu. Kwa hiyo aliketi na masheikh na wazee wa Unguja akajifunza Kiswahili kwao, akaweka mtambo wa kupiga chapa, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi za Waswahili.

Kazi haikuwa rahisi. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha minazi na kuvunja majengo ya misheni. Wenzake wengi walikuwa wamekufa, au wamerudi kwao kwa ugonjwa. Steere alibaki na watu wachache, akaanza kujenga upya. Tozer alipojiuzulu kwa afya mbaya, Steere akawekwa kuwa askofu mwaka 1874.

Kabla ya hapo, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alikuwa amelifunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palepale pa soko. Lakini biashara haikufa mara moja. Ilipozuiwa baharini, wafanyabiashara waliwapeleka watumwa kwa miguu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na njia hiyo ilivuka Mto Rufiji wetu. Mwingereza Frederic Elton alikwenda njia hiyo kutoka Dar es Salaam hata Kilwa, na kwa muda wa mwezi mmoja tu, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, alihesabu watumwa 4,096. Sultani aliipiga marufuku njia hiyo ya nchi kavu mwaka 1876. Nchi hii tunayolima mpunga leo iliyaona machozi hayo.

Sasa na tufikiri. Mtu akifunguliwa minyororo, je, aende wapi? Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo, wala hawakulijua jina la kijiji chao. Sote twajua taabu ya mtu asiye na ndugu: akiugua hana wa kumpa uji, akioa hana wa kumsimamia, akifa hana wa kumzika. Steere aliliona jambo hili. Huko Mbweni, Unguja, misheni iliwapa mahali pa kulima, pa kusoma na pa kusali pamoja. Mwaka 1876 aliondoka na watu zaidi ya 50 miongoni mwao, waume kwa wake, akapita nao Lindi, akatembea nao barani, akikusudia kuwarudisha upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona nchi ni nzuri, wakaomba kukaa. Steere akakubali. Hivyo watu wa makabila mbalimbali, ambao utumwa ndio uliowakutanisha, wakajenga kijiji kimoja na kanisa moja.

Mwezi wa Agosti 1882 Steere alifariki ghafula Unguja, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Agano Jipya alikuwa amelimaliza kulitafsiri. Wiki chache baadaye Wangoni, walioitwa Magwangwara siku zile, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hebu fikirini: watu waliotoka utumwani wakitekwa mara ya pili, na baba yao amekwisha kufa!

Lakini hawakuachana. Misheni iliwafuata mateka hata Ungoni ili kuwakomboa. Wengine walihamia Newala, na baadaye Masasi ikajengwa tena. Mwaka 1926 ikawa Dayosisi. Hapa ndipo penye fundisho kubwa la maisha haya. Kama tumaini lao lingalikuwa katika mtu mmoja, lingalizikwa pamoja naye. Steere aliwaachia Bwana wa kumtegemea, na ndugu wa kushikana nao mkono.

Nasi tumepata siku zetu ngumu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na wengi walipoteza mavuno yao yote. Maji hayakuuliza nani Mkristo na nani Mwislamu. Wakati kama huo imani haionekani kwa maneno. Yaonekana kwa mwenye mbegu kumgawia aliyekosa, kwa mwenye mtumbwi kumvusha mgonjwa, na kwa sisi sote kutomwacha mjane aketi peke yake baada ya mazishi. Jumapili tukipeana amani kanisani, tuangalie ni nani hayupo, na tukitoka twende kwake.