Karani Aliyeyasoma Madaftari: Maisha ya E. D. Morel

Palipo na kazi ambayo wakuu wake wameoza, huonekana watu wa namna tatu: wako watendao uovu, wako waujuao wakanyamaza, na wako wasiotaka kuujua ili wapate usingizi. Mara chache hutokea mtu wa namna ya nne, aujuaye uovu na kuukataa, hali akijua kwamba atapoteza riziki yake. Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli katika mji wa Liverpool, Uingereza, alikuwa mtu wa namna hiyo. Yafaa habari zake zijulikane na kila afanyaye kazi chini ya bwana.

Morel alizaliwa Paris tarehe 10 Julai, 1873. Baba yake alikuwa Mfaransa, mtumishi wa serikali, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake alikuwa Mwingereza, akampeleka mwanawe Uingereza kusoma. Alipofika umri wa miaka 15 iliwapasa waiache shule, akaajiriwa katika benki huko Paris ili amtunze mama yake. Mwaka 1891 alipata kazi ya ukarani katika kampuni ya Elder Dempster mjini Liverpool. Mshahara ulikuwa mdogo, hata ikambidi afundishe Kifaransa baada ya kazi. Mwaka 1896 akaoa, na watoto wakafuata. Basi hakuwa tajiri wala mtoto wa mkubwa. Alikuwa mtu wa kutegemea ujira wake, kama walivyo wafanyakazi wengi wanaosoma gazeti hili.

Kampuni aliyoitumikia ilitawala biashara ya meli kati ya Uingereza na Afrika Magharibi. Mkuu wake, Alfred Jones, alikuwa mtu wa kusifiwa. Mwaka 1898 alitoa fedha za kuanzishia chuo cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto mjini Liverpool, na mwaka 1901 serikali ya Uingereza ikamtunukia cheo cha Sir. Lakini Jones alivaa kofia mbili. Kampuni yake ndiyo iliyochukua shehena kati ya bandari ya Antwerp, Ubelgiji, na bandari ya Boma, Kongo. Naye mwenyewe alikuwa konseli wa Dola Huru ya Kongo mjini Liverpool. Dola hiyo haikuwa huru hata kidogo. Tangu mwaka 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Basi aliyepaswa kuangalia shehena ndiye aliyekuwa mwakilishi wa mwenye shehena. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa, alikabidhiwa shughuli za Kongo, akawa akitumwa Antwerp na Brussels mwishoni mwa miaka ya 1890. Huko aliziona meli zikipakua na kupakia, kisha akazilinganisha shehena na madaftari. Akagundua mambo matatu. La kwanza, zilizokuwa zikienda Kongo zilikuwa kwa wingi bunduki na risasi, wala si bidhaa za biashara. La pili, mpira na pembe za ndovu zilizoshushwa gatini zilizidi sana zile zilizotangazwa katika hesabu za Dola. Maana yake, kuna waliokuwa wakitia faida mifukoni kwa siri. La tatu, na ndilo kubwa, hakukuwa na malipo ya maana yaliyorudi kwa watu waliougema mpira huo.

Mtu hagemi mpira msituni mwezi hata mwezi pasipo ujira, ila akiwa amelazimishwa kwa silaha. Morel hakuwa amefika Kongo wala kumwona mateka hata mmoja, lakini hesabu zilimwambia yote: ule ulikuwa utumwa. Na ndivyo ulivyokuwa. Askari waliwashika wake na watoto mateka mpaka wanaume walete kiasi cha mpira kilichotakiwa, na vijiji vilivyokataa vilishambuliwa. Ilikuwa desturi askari adaiwe mkono uliokatwa kuwa ushahidi kwamba risasi hakuipoteza bure.

Morel akaenda kwa mkuu wake, akamweleza. Sasa, ndugu, tazameni jinsi uongozi mbovu unavyotenda kazi, maana njia zake ni zile zile kila mahali. Kwanza Jones alikwenda Brussels, akarudi na ahadi kwamba mambo yatatengenezwa, wala hayakutengenezwa. Pili, Morel akaanza kupewa uso wa baridi ofisini. Tatu, akaahidiwa cheo cha juu zaidi nchi nyingine, mbali na madaftari yale. Nne, alipokataa, akaahidiwa paundi 200 kwa mwaka kwa kazi ya ushauri ya saa moja tu kila siku, sharti anyamaze. Hakuna hata moja katika njia hizo lililojibu swali lake. Hakuna aliyemwambia kwamba hesabu zake ni za uongo. Bwana aliyeoza hashindani na ukweli. Hutafuta bei ya mwenye kuusema.

Madaftari yale hayakuwa ya Morel peke yake. Yalipitiwa na makarani wengine, na shehena zile ziliwapita manahodha na wachukuzi wa gati. Tusiseme kwamba wote walikuwa waovu. Kila mmoja alikiona kipande chake tu, akawatazama wakubwa wake, akawaona wametulia, akadhani hakuna neno. Samaki mmoja akioza huoza wote. Seuze aozapo yule mkubwa anayetazamwa na wote!

Mwaka 1901 Morel aliacha kazi, akashika kalamu. Mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, na mwaka huo huo Bunge la Uingereza likaijadili Kongo. Konseli wa Uingereza, Roger Casement, alitumwa kuchunguza, na taarifa yake ya mwaka 1904 ikathibitisha yale ambayo karani aliyasoma katika tarakimu. Mwaka huo Morel alianzisha chama cha kutaka mageuzi ya Kongo. Picha za watu waliokatwa mikono, zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris, zikaonyeshwa mikutanoni. Wakongo wenyewe nao walisema. Mbele ya tume iliyoundwa na Leopold mwenyewe, mzee mmoja mtawala, Lontulu, aliweka vijiti 110, kila kimoja kwa mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji. Desemba 1909 Leopold na Sir Alfred Jones walifariki, wakipishana siku chache tu. Ukoloni haukwisha hapo, wala kazi za shuruti hazikukoma. Lakini milki ya mtu mmoja ilivunjika.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Morel aliipinga vita, na mwaka 1917 akafungwa gerezani kwa kupeleka maandishi yake nchi za nje. Mwaka 1922 wananchi wa Dundee walimchagua kuwa mbunge wa chama cha Labour, na Winston Churchill akakikosa kiti chake katika uchaguzi huo. Morel alifariki tarehe 12 Novemba, 1924.

Hata hivyo haifai kumsifu mtu nusu na kuficha nusu. Mwaka 1920 Morel huyo huyo aliandika juu ya askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa walioshika ulinzi Ujerumani, akawachora kama wanyama wenye kuwatamani wanawake wa Kizungu. Claude McKay, mshairi mweusi kutoka Jamaika, alimjibu papo hapo katika gazeti la wafanyakazi mjini London. Yule aliyemtetea Mwafrika alipokuwa mnyonge msituni, alimtukana alipomwona amesimama na bunduki Ulaya. Huo ni waa, wala haufutiki kwa mema yake. Nao unatufundisha kwamba anayekusemea si badala ya wewe kusema mwenyewe.

Lakini lile la madaftari libaki. Mfanyakazi ndiye aonaye mambo kwanza: karani huona hesabu, mchukuzi huuona mzigo, mpishi hujua kilichomo chunguni. Morel alisimama peke yake, ndiyo maana alilipa gharama kubwa. Laiti makarani kumi wangaliyasoma madaftari yale pamoja na kusema kwa sauti moja, Jones asingalipata bei ya kuwanunua wote.