Maisha ya Albert Sabin na Somo la Virusi katika Shule ya Msingi

Mwanachuo anayepelekwa mazoezi ya kufundisha katika vijiji vya Kasulu au Kibondo atakuta darasani watoto wengi waliokwisha kupewa matone ya polio. Akiwauliza matone hayo yana nini ndani yake, aghalabu watajibu kwamba ni dawa. Jibu hilo si sahihi, wala kosa lenyewe si dogo. Dawa humtibu aliyeugua, ilhali polio haina dawa ya kuiponya. Ndani ya matone mna virusi vya polio vyenyewe, tena vilivyo hai. Njia mojawapo nyepesi ya kulifafanua jambo hili ni kusimulia maisha ya mtu aliyeyatengeneza.

Albert Sabin alizaliwa tarehe 26 Agosti, 1906, katika mji wa Białystok, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Dola ya Urusi na leo umo nchini Polandi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mwaka 1921 jamaa hiyo ilihamia Marekani. Ndugu mmoja wa jamaa alikubali kumlipia masomo ya udaktari wa meno, lakini kijana alivutwa zaidi na elimu ya vijidudu. Akayaacha meno, akasomea udaktari wa binadamu katika Chuo Kikuu cha New York. Alihitimu mwaka 1931, na mwaka huo huo polio ikazuka mjini humo. Sabin akaanza kuuchunguza ugonjwa ambao ungemshughulisha kwa miaka mingi ya maisha yake.

Kabla ya kuendelea na habari zake, yafaa mwalimu awaeleze watoto kirusi ni kitu gani. Kirusi ni kidogo mno kuliko bakteria, hata hakionekani kwa darubini ya kawaida ya shuleni. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaana peke yake. Kina maagizo ya urithi tu, yaliyofunikwa kwa gamba la protini. Mfano wa fundi cherehani utasaidia. Mtu asiye na cherehani, kitambaa wala uzi anaingia dukani kwa fundi na kumwekea kiolezo chake mezani. Fundi, bila kujua, anaacha kazi za wateja na kushona nguo za mgeni mpaka duka linafurika. Ndivyo kifanyavyo kirusi cha polio. Hujishikiza kwenye seli, yaani chembe hai ya mwili, huingiza maagizo yake ndani, na seli huanza kutengeneza virusi vipya. Baada ya saa chache seli hupasuka na kufa, na maelfu ya virusi hutoka kutafuta seli nyingine.

Mwaka 1936 Sabin na mwenzake Peter Olitsky walifaulu kuvikuza virusi vya polio katika vipande vya mishipa ya fahamu. Walipojaribu kuvikuza katika sehemu nyingine za mwili, havikukua. Kwa hiyo wanasayansi wengi wakazidi kuamini kuwa kirusi hicho hukaa katika mishipa ya fahamu peke yake. Imani hiyo ilikuwa na kosa, na Sabin mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioisahihisha. Mwaka 1941 yeye na Robert Ward waliwachunguza watu waliokufa kwa polio, wakavikuta virusi kwa wingi katika njia ya chakula. Ikadhihirika kwamba kirusi huingia kwa kinywa, huzaana katika utumbo na kutoka kwa choo. Ni katika watu wachache tu, yapata mmoja kati ya 200 walioambukizwa, kinapofika kwenye mishipa ya fahamu na kuleta kupooza kusikopona.

Hapa mwanachuo asipite haraka. Mtu aliyeheshimiwa kwa utafiti wake aliurudia, akaona palipopungua, akasahihisha. Watoto wanaofundishwa kuficha makosa ya daftari zao wanahitaji mfano wa namna hii.

Ugunduzi wa 1941 ndio uliomwonyesha njia. Ikiwa utumbo ndio mlango wa kirusi, basi chanjo inayopita kinywani ingeweka mlinzi mlangoni penyewe. Vita Kuu ya Pili vilimwita jeshini, akachunguza magonjwa mengine ya virusi kama dengi. Mwaka 1949 John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins waligundua namna ya kuvikuza virusi vya polio katika seli zisizo za mishipa ya fahamu, na kazi ya chanjo ikawezekana.

Njia zilikuwa mbili. Jonas Salk aliviua virusi kwa fomalini na kuvitia katika sindano. Chanjo yake ilitangazwa mwaka 1955. Mwaka huo huo baadhi ya shehena zilitolewa zikiwa bado zina virusi hai, na watoto wakapooza. Ndipo ukaguzi ukaimarishwa. Sabin alivipitisha virusi mara nyingi katika seli za tumbili, akichagua vile vilivyosahau kudhuru mishipa ya fahamu lakini vingali vinaweza kuzaana utumboni. Aliyanywa mwenyewe majaribio yake kabla ya kuyaeneza. Mwaka 1959, ijapokuwa Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa mahasimu, alishirikiana na Mikhail Chumakov, na mamilioni ya watoto wa huko wakapewa chanjo hiyo. Hakutaka haki ya kumiliki uvumbuzi wake wala faida yake.

Kutokana na habari hizi mwalimu anaweza kuzipanga aina za chanjo ubaoni. Kuna virusi vilivyouawa, kama sindano ya polio. Kuna virusi hai vilivyodhoofishwa, kama matone ya polio na chanjo ya surua. Kuna sehemu tu za kirusi, kama chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi wanayopewa wasichana. Na kuna baadhi ya chanjo za UVIKO-19 ambazo huupa mwili maagizo ya kutengeneza sehemu moja tu ya kirusi. Zote zina kusudi moja: mwili umjue adui kabla hajafika.

Mkoa wa Kigoma una kumbukumbu yake katika historia hii. Mwaka 1966 polio iliwashika sokwe wa Gombe, na baadhi yao wakapooza. Watafiti waliwaokoa wengine kwa kuwatilia matone ya chanjo ndani ya ndizi.

Lakini mwalimu asiifiche sehemu iliyo ngumu. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi vilivyodhoofishwa vinaweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikabadilika na kurudia ukali. Mwaka 2023 virusi vya namna hiyo viligunduliwa nchini Burundi, jirani ya Kasulu na Kibondo, na kisha mkoani Rukwa. Septemba mwaka huo kampeni ya matone ilifanyika katika mikoa sita, Kigoma ukiwamo, kwa watoto walio chini ya miaka minane. Mzazi akiuliza kama ni kweli, ajibiwe kuwa ni kweli. Na aelezwe kwamba virusi hivyo hupata nafasi pale penye wasiochanjwa wengi. Anayefichwa ukweli leo atalikimbia zoezi la kesho.

Sabin alifariki tarehe 3 Machi, 1993. Tanzania ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996. Mwanachuo akimaliza simulizi hili, awaulize tena watoto lile swali la mwanzo. Mtoto atakayejibu kwamba ndani ya matone mna virusi hai vilivyodhoofishwa, na kueleza kwa nini, huyo amelielewa somo, na jioni atalifikisha nyumbani.