Askofu Steere, Mwalimu wa Watoto wa Makabila Mengi

Wengi wetu tunamkumbuka Askofu Edward Steere kwa mambo mawili: Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, na kazi yake kubwa katika lugha ya Kiswahili. Mara hii tungependa kumtazama kama mwalimu. Katika parishi yetu wapo walimu wengi, na karibu kila mmoja wao anafundisha watoto wa makabila mbalimbali. Tunaamini maisha ya mzee huyu yana jambo la kuwaambia.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, lakini akaacha uwakili akawa kasisi. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer kuja Afrika kwa kazi ya UMCA, na mwaka 1864 wakafika Unguja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer. Baadaye wakaja wengine, wavulana kwa wasichana, kadiri manowari za Kiingereza zilivyoyakamata majahazi ya watumwa baharini. Wavulana wakakaa Kiungani, nje kidogo ya mji, na wasichana Mbweni.

Hebu tulifikirie darasa lile. Huyu ni Myao, yule ni Mmakua, mwingine ametoka kando ya Ziwa Nyasa. Wameibwa au wameuzwa, wamepelekwa pwani kwa miguu, wamepakiwa chomboni. Wengine hawana neno moja la kusemezana na jirani yao. Tena wamefika mahali ambapo mtu wa bara aliitwa mshenzi, na kabila lake lilikuwa jambo la kutajwa sokoni wakati wa kupatana bei.

Mwalimu angeweza kuifuata desturi hiyo ya mji. Angeweza pia kusema kwamba watoto hawa hawana kitu, basi wajazwe Uingereza tangu kofia hadi viatu. Bwana Steere hakupenda njia hizo. Yeye mwenyewe alianza kwa kujifunza. Alikaa na watu wa Unguja akasikiliza hadithi zao na kuziandika, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha hadithi hizo pamoja na kitabu cha kufundishia Kiswahili. Akaona Kiswahili ndicho kitakachowaunganisha watoto wake, akafundisha kwa lugha hiyo. Wavulana wa shule walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa, hata vitabu walivyosoma vikatoka katika mikono yao wenyewe.

Lakini Kiswahili hakikumfanya azidharau lugha nyingine. Mwaka 1867 alitoa kitabu kidogo cha Kishambala, mwaka 1871 cha Kiyao, na mwaka 1876 cha Kimakonde. Aliandika pia juu ya Kinyamwezi, na akakusanya maneno ya Kigindo, Kizaramo na Kingazija. Ili mtu aandike maneno hayo hana budi kuketi na mwenye lugha, amwulize, asahihishwe, aulize tena. Hapo daktari wa sheria kutoka London anakuwa mwanafunzi, na mtu aliyeitwa mshenzi anakuwa mwalimu wake. Sisi twaona kwamba jambo hili lilikuwa kubwa kuliko somo lolote la ubaoni.

Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1874. Mwaka 1876 aliongoza safari ya watu waliokombolewa, wapata hamsini na zaidi, kurudi bara, nao wakafanya makao Masasi. Mwaka 1879 alimfanya John Swedi shemasi, naye alikuwa mmoja wa wale wavulana watano wa mwaka 1864. Askofu alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare kuu ya Mkunazini, katika kanisa lililojengwa penye soko la watumwa. Mwaka 1887 kilitoka kitabu cha Bwana Madan chenye masimulizi ya wavulana wa Kiungani, kila mmoja akieleza kwao na jinsi alivyotekwa. Shule iliyowadharau watu wa bara isingewauliza habari hizo.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Watoto wale hawakuulizwa kama wanataka kwenda misheni. Tena mtoto asiye na wa kusema naye lugha ya mama yake huisahau, hata kama mwalimu ameiandika kitabuni. Kitabu hakiwezi kushika mahali pa mama.

Hata hivyo, ndugu walimu, tujiulize. Mpaka leo yupo mtoto anayeanza darasa la kwanza bila kujua Kiswahili, kwa sababu nyumbani wanasema Kimasai au Kihadza. Anapokosea neno, darasa lote linacheka, na pengine mwalimu anacheka pamoja nao. Yupo pia mwalimu anayesema mbele ya wote kwamba watu wa kabila fulani ni wavivu, au ni wezi, au hawana akili ya hesabu. Anadhani ni utani tu. Mtoto aliyetajwa hurudi nyumbani na neno hilo moyoni, na wenzake hujifunza namna ya kumtazama.

Walimu wetu hawana nafasi ya kuandika kitabu cha kila lugha. Lakini kila mwalimu anaweza kulitamka jina la mtoto kama linavyotamkwa kwao. Anaweza kuuliza kitu fulani kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto, na kulipokea jibu kwa heshima mbele ya darasa. Nasi wazazi tusiyaseme makabila ya wenzetu vibaya watoto wakisikia, maana yanayosemwa jioni nyumbani husikika asubuhi shuleni.