Hesabu ya Mali ya Mchungaji

Mtu akifa, mahubiri yake husimuliwa na wampendao, bali mali yake huhesabiwa na watu baki. Kwa hiyo hati za mirathi hutufunulia mara nyingi yale ambayo sifa za marehemu huyafunika. Hayo twayaona katika habari za Jonathan Edwards, mmoja wa wachungaji wa Kiprotestanti waliosifika sana katika makoloni ya Kiingereza huko Amerika.

Edwards alizaliwa Connecticut mwaka 1703. Baada ya kusoma katika chuo cha Yale, alihubiri zaidi ya miaka 20 katika mji wa Northampton, na watu wengi wakatubu. Mwaka 1750 waumini wake walimwondoa, kwa kuwa aliwakataza meza ya Bwana wale wasioonyesha dalili za wongofu wa kweli. Akahamia Stockbridge kuwahubiria wenyeji wa asili wa nchi ile. Alikuwa na watoto 11, na karatasi ilikuwa ghali, hata akashona madaftari yake kwa vipande vilivyotupwa. Mwaka 1758 akawa mkuu wa chuo cha Princeton. Huko akachanjwa ndui, na chanjo hiyo ikamwua tarehe 22 Machi, akiwa na umri wa miaka 54.

Wosia wake alikuwa ameuandika tangu mwaka 1753. Alipokufa, mali yake ikahesabiwa: vitabu, vyombo vya nyumbani, na mifugo. Na katika fungu lile lile la mifugo liliandikwa jina la mtoto Mwafrika, Titus, thamani yake paundi 30.

Jambo hilo halikuwa geni nyumbani mwake. Mwaka 1731 Edwards alikwenda Newport akamnunua msichana wa miaka kama 14, jina lake Venus, kwa paundi 80. Aliwapokea Waafrika kanisani kuwa washiriki kamili; aliilaani biashara ya kuwatoa watu Afrika; lakini kumiliki watumwa alikutetea. Mkewe Sarah naye alifariki mwaka ule ule wa 1758, na mwaka uliofuata wasimamizi wa mirathi wakawauza Joseph na Sue kwa paundi 23.

Wala sisi Wakatoliki tusijivune. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272.

Basi, twaona kwamba mtu aweza kuwa na akili nyingi na sala nyingi, akaiona dhambi iliyo ng'ambo ya bahari, asiione iliyo jikoni mwake. Lakini mwanawe, aliyeitwa Jonathan kama baba yake, aliiona. Mwaka 1791, huko New Haven, alihubiri kwamba amshikaye mtu utumwani amwibia uhuru wake kila siku ipitayo.

Nasi tutaacha hesabu siku moja. Yatupasa kujiuliza leo, kabla ya wengine kuja kuiandika: yule binti atuteleaye maji na kutulelea watoto, je, twamlipa ujira wake kwa wakati? Aketi mezani pamoja nasi, au ala makombo mlangoni? Jina lake kamili twalijua? Maana hata kwa Edwards, aliyeacha vitabu vingi, mstari mmoja wa mirathi watosha kumshuhudia.