Rembrandt: Mchoraji aliyepokea fedha za wateja, si amri zao

Fundi yeyote anayefanya kazi za kuagizwa, awe seremala au fundi cherehani, anaijua shida hii: mteja ametoa kianzio, kazi imekamilika, kisha mteja anasema hicho sicho alichokitaka. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, katika mji wa Amsterdam nchini Uholanzi, shida hiyo ilimkuta zaidi ya mara moja Rembrandt van Rijn, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa duniani.

Mtoto wa mwenye kinu

Rembrandt alizaliwa mwaka 1606 katika mji wa Leiden. Baba yake alikuwa na kinu cha upepo cha kusagia kimea cha pombe, na mama yake alikuwa binti wa mwoka mikate. Wazazi walimpeleka shule, lakini kijana alipenda kuchora. Alijifunza ufundi kwa Jacob van Swanenburg miaka mitatu, kisha akakaa miezi sita kwa Pieter Lastman mjini Amsterdam.

Wakati huo makanisa ya Kiprotestanti ya Uholanzi hayakuagiza picha za kupamba kuta, na nchi haikuwa na mfalme. Wanunuzi walikuwa wafanyabiashara, madaktari na vyama vya mji. Kwa hiyo mchoraji aliishi kwa soko: apate oda, au achore kwanza kisha atafute mnunuzi.

Oda iliyomtoa ilikuja mwaka 1632. Chama cha madaktari wa upasuaji cha Amsterdam kilitaka picha ya wanachama wake wakiwa na Dkt. Nicolaes Tulp. Desturi ilikuwa kupanga nyuso kwa mstari. Rembrandt, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, aliwachora wakiinama kutazama mkono wa maiti unavyopasuliwa. Jina lake likaenea.

Mwaka 1634 alimwoa Saskia, binti wa familia yenye uwezo, na mwaka 1639 akanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, sehemu kubwa ikiwa deni.

Waliolipa wakawekwa gizani

Kazi yake maarufu zaidi ni picha ya mwaka 1642 inayojulikana kama Zamu ya Usiku. Iliagizwa na kikosi cha walinzi wa mji chini ya Kapteni Frans Banninck Cocq. Watu 16 walichanga takriban gilda 100 kila mmoja, wengine zaidi na wengine pungufu, kulingana na nafasi ya mtu kwenye picha. Rembrandt alikusanya kama gilda 1,600. Hata hivyo, nyumba yake ilimgharimu zaidi ya mara nane ya kiasi hicho.

Badala ya kuwapanga, aliwachora wakianza kutoka. Baadhi wako kivulini, mwingine uso wake umekingwa na mkono wa mwenzake. Tena akaongeza watu ambao hawakulipa chochote, akiwemo msichana mwenye kuku aliyening'inia kiunoni. Husimuliwa kwamba wateja waliikataa picha hiyo. Si kweli: walilipa, na wakaitundika katika ukumbi wao.

Mwaka huohuo Saskia alifariki, akimwacha na mtoto mmoja, Titus. Watoto wao wengine watatu walikuwa wamekufa wakiwa wachanga.

Ugomvi uliothibitika ni wa mwaka 1654. Mfanyabiashara mwenye asili ya Kireno, Diego d'Andrada, alitoa kianzio cha gilda 75 achorewe picha ya msichana. Alipoiona akalalamika kwamba haifanani na mwenyewe. Rembrandt alijibu kwamba hataigusa mpaka alipwe salio au apewe dhamana. Baada ya hapo ataimaliza, na viongozi wa chama cha wachoraji waamue kama inafanana. Mteja akiendelea kuikataa, yeye ataiuza mnadani.

Alichokichora bila oda

Nje ya oda, Rembrandt alichora vilivyomzunguka: ombaomba, wazee, majirani zake Wayahudi, na mke wake akiwa mgonjwa kitandani. Alinunua silaha, makombe ya baharini na picha ndogo kutoka India, ambazo alizinakili kwa mkono wake. Alijichora mwenyewe takriban mara 80, tangu ujanani hadi uzeeni.

Watu weusi waliishi Amsterdam wakati huo, baadhi yao karibu na mtaa wake. Katika picha nyingi za Ulaya za zama zile, Mwafrika alikuwa mtumishi aliyesimama nyuma ya tajiri. Picha ya Rembrandt ya mwaka 1661 ina wanaume wawili Waafrika, na hakuna tajiri ndani yake.

Kununua huko kulimponza. Madeni yalimzidi, na mwaka 1656 akaomba kutambuliwa kuwa amefilisika. Vitu 363 viliorodheshwa, vikauzwa. Nyumba nayo ikauzwa mwaka 1658. Ili wadai wasichukue kila anachochora, mwenzi wake Hendrickje Stoffels na Titus waliunda kampuni mwaka 1660, yeye akiwa mwajiriwa wao.

Oda nyingine kubwa ilitoka serikali ya mji: picha ya Claudius Civilis, shujaa wa kale aliyekuwa na jicho moja. Mchoraji mwingine angemgeuza upande asionekane kasoro. Rembrandt alimchora uso mbele, jicho bovu likionekana. Mwaka 1662 picha ilitundikwa, kisha ikarudishwa. Aliikata, na kipande kilichobaki kipo Stockholm, nchini Sweden.

Hendrickje alifariki mwaka 1663, Titus mwaka 1668. Rembrandt mwenyewe alifariki Oktoba 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi ndani ya kanisa la Westerkerk. Mahali hasa alipolazwa hapajulikani. Nyumba iliyouzwa kwa ajili ya madeni sasa ni makumbusho yake, na Zamu ya Usiku ina ukumbi wake katika makumbusho ya taifa, Rijksmuseum, mjini Amsterdam.