Daktari Aliyeitafuta Homa

Sisi homa ikitushika tunakimbilia vidonge. William Coley, daktari wa upasuaji wa New York, yeye aliitafuta.

Alizaliwa Connecticut, Marekani, mwaka 1862, akasoma Yale kisha Harvard. Mwaka 1890 alimpokea binti wa miaka 17, Bessie Dashiell, mkono umevimba na unauma. Kumbe saratani. Coley akaukata mkono chini ya kiwiko, wapi! Januari 1891 binti akafa, na daktari kijana hakupata usingizi.

Akazama kwenye mafaili ya zamani ya hospitali (na sisi tunalalamika nusu saa tu maktaba). Humo akakuta habari za mhamiaji wa Kijerumani mwenye uvimbe shingoni, umekatwa mara kadhaa na kurudi. Jamaa akapata maambukizi makali ya ngozi, akawaka homa; yalipopoa, uvimbe nao haupo. Coley akazunguka vichochoro vya maskini Manhattan akimuulizia mpaka akampata, mzima, na kovu lake.

Basi mwaka uleule akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria hai. Muitaliano mmoja aliyekuwa hawezi hata kumeza vizuri alipandwa na homa kali, uvimbe ukayeyuka, akaishi miaka kama minane zaidi. Lakini wengine waliuawa na maambukizi yenyewe, na hapo ndipo mimi nasita kumsifu. Baadaye akatumia bakteria waliokwisha kuuawa.

Siku hizi tunaelewa kwamba bakteria wale waliamsha kinga ya mwili, na seli nyeupe zikiwa vitani zilivamia saratani pia. Ila moto huohuo ukiwaka miaka bila kuzimika, huweza kuzaa saratani wenyewe, kama kwenye ini lenye virusi vya homa ya ini B. Coley hakuwa na maelezo haya. Dawa yake ilibadilikabadilika nguvu, kumbukumbu zake zilikuwa na mapengo, na mionzi ilikuwa imeingia kwa kishindo. Bosi wake, James Ewing, hakumwamini. Alifariki 1936 akiwa amepuuzwa na wengi.

Bintiye Helen, ambaye wala hakuwa daktari, alikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa baba yake mmoja mmoja, na mwaka 1953 akashiriki kuanzisha taasisi ya utafiti wa saratani. Leo BCG, chanjo ileile iliyotuachia kovu begani, huingizwa kwenye kibofu kutibu saratani ya humo.